Daftari la Mapishi ya Mama

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Amongin aliondoka shuleni kwa haraka akafuata njia ya reli mpaka kwao, nyumba ya tatu kutoka stesheni ya Malaba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa darasa la tano. Akifika alivua sare yake, akachota maji kisimani mara mbili, kisha akaingia shamba dogo lililokuwa nyuma ya nyumba kuchuma majani ya kunde. Baba yake, Okiror, alikuwa mfanyakazi wa reli. Mara nyingi alikuwa safarini kutengeneza njia wiki nzima, kwa hiyo kazi za nyumbani, pamoja na kuwatunza wadogo wa Amongin, zilikuwa zake na za mama yake.

Mama yake aliitwa Atyang. Hakuwa mtu wa kusema sana akiwa sokoni, lakini jikoni alikuwa mtu mwingine. Alipika huku akieleza kila kitu anachokifanya, kana kwamba sufuria nayo ilitaka kujua. Kazi ikipungua alikaa mlangoni na uzi wake akafuma vitambaa vya meza, vyeupe vyenye maua pembeni. Baba alipomuuliza siku moja vitambaa vyote hivyo ni vya nini, na meza yao ni moja tu, mama alicheka. Alisema mkono ukifuma, roho hupumzika, na hiyo peke yake ni faida ya kutosha.

Huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, na akina mama wa Malaba walikuwa wameanzisha chama. Kila Alhamisi walikutana chini ya paa la shule ya kanisa. Mwalimu wao, Bi Benedetta, alitoka Busia kwa basi kuwafundisha kushona, kutunza watoto wachanga na usafi wa nyumba. Alhamisi moja alikuja na kitabu cha mapishi chenye picha za rangi. Mama alirudi nyumbani akiwa na mawazo mengi. Alimwambia Amongin kwamba kitabu kile kilikuwa kizuri, lakini vyakula vyote vilivyokuwamo vilihitaji jiko la umeme, na ndani hapakuwa hata na jani moja la kunde.

"Chakula chetu nani amekiandika?" aliuliza.

Kesho yake mama alikwenda dukani kwa Mzee Bashir akanunua daftari la kurasa sitini na chupa ya wino. Mama hakuwa amesoma. Alipokuwa msichana, waliopelekwa shule kwao walikuwa kaka zake. Kwa hiyo alimwomba Amongin awe anamwandikia kila jioni kabla jua halijatua, wakati mboga iko jikoni. Angesema kwa Kiswahili, ili akina mama wote wa chama waelewe, maana humo walikuwamo Wateso, Waluhya na hata mke wa Mzee Bashir.

Siku za kwanza Amongin aliandika kwa bidii, neno kwa neno.

"Andika," mama alisema, "choma maganda makavu ya maharagwe, uweke majivu yake kwenye chungu chenye matundu madogo, umwagie maji juu, ukinge yanayodondoka chini. Maji hayo ndiyo yanayolainisha kunde. Usizidishe, yatachoma ulimi. Karanga zilizosagwa zitie mwisho, na ukishazitia usifunike sufuria, maana zitafura zimwagike zote motoni."

Mara nyingine aliacha mambo ya sufuria akasema yaliyomo moyoni. Alisema mtu anayepika kwa hasira hasahau kutia chumvi, ila husahau kuonja. Alisema yeye kila wiki hujifunza jambo moja jipya, hata likiwa dogo kama kufunga kifungo kwa namna ya Bi Benedetta, na kwa mwaka atakuwa na mambo hamsini ambayo hakuwa nayo mwaka uliopita. Amongin aliyaandika hayo pia.

Lakini wiki ya pili mchezo wa kuruka kamba uliingia Malaba kama homa. Wasichana walikusanyika kila jioni kwenye uwanja wa nyuma ya duka, na aliyeongoza alikuwa Safia, binti wa Mzee Bashir, rafiki mkubwa wa Amongin. Amongin alisikia nyimbo zao akiwa ameketi jikoni na kalamu mkononi. Maneno ya mama yakaanza kuwa marefu mno masikioni mwake.

Kwanza alianza kuruka sentensi. Kisha akaandika moja katika tano. Siku moja, mama akiwa ameinama anapuliza moto, Amongin aliandika hesabu za mara saba kutoka juu ya ukurasa hadi chini, na mama hakujua. Tangu siku hiyo akawa anaandika chochote kilichomjia haraka. Kurasa mbili nzima zilikuwa majina ya watoto wa darasa lake, kuanzia Emuron mpaka Shamsa. Alijua kabisa anachokifanya ni vibaya, lakini kila alipofunga daftari mapema, kamba ilikuwa bado inazunguka uwanjani, naye akakimbia.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba mama alifurahi. Alikuwa akichukua daftari, akipitisha kidole juu ya mistari ya wino, na kusema leo wameandika mengi.

Mwezi ulipokaribia kwisha, mama alirudi kutoka chamani uso wake ukiwa umenawiri. Bi Benedetta alikuwa amewaambia kwamba Jumamosi akina mama wa Busia, Matayos na Alupe watakuja Malaba kutembeleana, na kila chama kitaonyesha kazi yake. Wengine wataonyesha vikapu, wengine nguo za watoto. Chama cha Malaba kitamtanguliza Mama Amongin, na Bi Benedetta mwenyewe atasoma daftari lake mbele ya wote.

Amongin alijua kurasa zile sasa zitasomwa mbele ya watu. Siku mbili hakuruka kamba. Alimweleza Safia siri yake, na Safia akamshauri aseme kwamba mbuzi amelila daftari. Amongin alimwangalia mbuzi wao muda mrefu, akaona kwamba uongo huo utahitaji uongo mwingine wa kuutegemeza, na kwamba hata hivyo mama atabaki bila daftari.

Ijumaa jioni mama alipiga pasi ya makaa gauni lake la buluu, akalitundika ukutani. Kisha akaketi kwenye kigoda, akamwomba Amongin amsomee kidogo, ili kesho asishtuke kuyasikia maneno yake yakitoka katika kinywa cha mtu mwingine.

"Nisomee pale niliposema juu ya bibi yako," alisema. "Siku ile ya mvua."

Amongin alifungua daftari. Ukurasa wa siku ile ya mvua ulikuwa na majina ya watoto. Alikumbuka kwamba mama alizungumza kwa muda mrefu, na kwamba sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, lakini siku hiyo masikio yake yalikuwa uwanjani, akingoja mvua ikatike. Akakazia macho karatasi, akaanza kubuni. Alisema bibi alikuwa mpishi hodari. Alisema bibi alipenda samaki wa kukaushwa kwa moshi, na alikuwa na chungu kikubwa.

Mama alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Amongin aliponyamaza, mama aliuliza kama hayo ndiyo yote. Akajibu kwamba ni yote.

"Ajabu," mama alisema polepole. "Nilidhani nilisema kuhusu mwaka wa njaa. Nilidhani sikumtaja samaki kabisa." Akajishika paji la uso. "Basi nimesahau mimi, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma. Kama imeandikwa hivyo, ndivyo nilivyosema."

Amongin angeweza kuvumilia kukaripiwa. Hata kuchapwa angevumilia. Lakini kumwona mama yake akiacha kuyaamini maneno yake mwenyewe, kwa sababu tu ya karatasi ile ya uongo, hilo lilimshinda. Akaweka daftari chini akaanza kulia.

"Hukusahau, Mama. Haikuandikwa. Hapa pameandikwa majina ya watoto wa darasa letu."

Akaeleza yote: sentensi alizoruka, hesabu za mara saba, kamba na uwanja. Alipomaliza, mama alilichukua daftari, akageuza kurasa moja baada ya moja, akiuliza kila ukurasa kama ni wa kweli au si wa kweli. Kurasa za kweli zilikuwa kumi na moja. Nyingine ishirini na tatu zilikuwa bure.

Mama alinyanyuka akakoroga mboga. Akapakua, akawapa wadogo zake Amongin, akampa na Amongin. Kabla ya kulala mama alisema jambo moja tu: kesho Amongin atakuja naye, na Bi Benedetta ataelezwa na yeye mwenyewe aliyeandika.

Asubuhi shule ya kanisa ilijaa akina mama zaidi ya hamsini. Vikapu vilipangwa madirishani, na vitambaa vya mama vilitandikwa juu ya meza ya mbele. Amongin alimfuata Bi Benedetta mlangoni akamweleza kwamba daftari si zima, na kwamba kosa ni lake, wala si la mama. Bi Benedetta alimtazama, kisha akamtazama mama, akauliza wafanye nini sasa, maana watu wamekwisha kukaa.

"Nitasema mwenyewe," mama alijibu. "Maneno yalikuwa yangu kabla hayajawa ya daftari."

Akasimama mbele. Mwanzo sauti yake ilikuwa ndogo, na mikono yake ilishika ncha ya kitambaa cha meza. Lakini alipofika kwenye maji ya majivu, mwanamke mmoja kutoka Matayos aliuliza wanayakinga kwa muda gani, na mama akamjibu kama aliye jikoni kwake. Kuanzia hapo mazungumzo yakashika moto. Mke wa Mzee Bashir alieleza jinsi ya kukaanga vitunguu vya pilau bila kuviunguza. Mama mmoja mzee wa Alupe, Eucabeth, alisema yeye huongeza maziwa kidogo kwenye kunde, na nusu ya wanawake wakatikisa vichwa kukataa, nusu wakakubali. Mama akasema kila nyumba ijaribu, kwani kupika ni kujifunza, na anayedhani amemaliza kujifunza ataanza kupika vibaya.

Kwenye kona, Amongin alikuwa ameketi na kalamu. Hakuna aliyemwamuru. Aliandika kila neno aliloweza kulidaka, mkono ukamuuma mpaka kwenye bega, akaandika tena. Walipotoka alikuwa amejaza kurasa tisa, na zote zilikuwa za kweli.

Wakirudi nyumbani, alimwomba mama amweleze tena habari ya bibi na mwaka wa njaa, aiandike.

"Siku ile ya mvua habari hiyo ilikuja yenyewe," mama alisema. "Sasa nikiitafuta naona vipandevipande tu. Huenda itarudi, huenda haitarudi. Lakini sitaki tena kungoja mtu wa kuniandikia. Nifundishe herufi."

Wakaanza Jumatatu. Amongin aliruka kamba siku mbili kwa juma, na siku nyingine alikaa na mama yake wakiandika kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku la chai. Mama alikuwa mwanafunzi mgumu. Alichanganya b na d, na vidole vilivyofuma maua madogo kwa wepesi vilishika kalamu kama mwiko. Lakini kila wiki alijifunza kitu, na Bi Benedetta alipokuja siku za Alhamisi alimletea karatasi za mazoezi.

Miezi minne baadaye, mama alifungua daftari kwenye ukurasa mpya akaandika peke yake, akificha kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa shule. Alipomaliza alimsogezea Amongin. Palikuwa na mstari mmoja: *Jumvi itiwe mwisho.*

Amongin alisita. Aliogopa kumvunja moyo.

"Sema," mama alimwambia. "Nimekosea wapi?"

Amongin akamwonyesha herufi ya kwanza, akauliza kama amsahihishie. Mama akaivuta kalamu upande wake.

"Nitaandika mwenyewe. Na usione haya kunionyesha. Nikiandika jumvi, nimekosea kwa kuwa sikujua, na kosa kama hilo halina aibu, linarekebishwa kwa kujifunza. Zile kurasa zako hukuzikosea, Amongin. Ulijua. Mtu asiyejua kusoma akikuomba umwandikie, amekupa macho yake na kinywa chake uvitunze. Wewe hukuvitunza. Lakini siku ulipoona nimeanza kujitilia shaka mwenyewe, ulisema kweli, na ungeweza kunyamaza, maana nilikuwa nimekwisha kukuamini. Kwa hilo nimekusamehe zamani. Ila ujue kwamba elimu unayoipata pale shuleni hukupewa ili uwazidi wenzako ujanja. Umepewa ili asiye nayo aweze kukutegemea."

Amongin aliitikia kwa kichwa. Mama akainama juu ya karatasi, akachora c, akaishikamanisha na h, akaendelea polepole mpaka neno likakamilika.