Maharagi ya Emérence

Tairi lilipasuka saa kumi na moja jioni. Blandine, muuguzi wa chanjo, akalipiga teke sanduku la barafu, kisha akaliomba radhi. Ndani mlikuwa na chanjo za surua za watoto wa Pinga. Surua ilikuwa inawamaliza kule, na barafu ingedumu mpaka kesho mchana tu. Miezi miwili vita vilifunga barabara, na siku inafunguliwa, tairi!

Archange, dereva wa pikipiki, alichomoa gurudumu ili arudi nalo Nyabiondo kwa miguu. "Panda ulale kwa katekista, juu kule, dada. Asubui mapema niko hapa."

Juu kule ni nusu saa ya kupanda na sanduku kichwani. Karibu zaidi, chini ya mikaratusi, nyumba moja ilikuwa inatoa moshi. Blandine hakufikiri mara mbili.

Mama mwembamba alitoka. "Karibu. Miye Emérence." Alilitazama sanduku zaidi kuliko alivyomtazama mgeni. "Iko dawa ya batoto?"

"Ya surua, mama. Niko naipeleka Pinga."

"Na ya batoto ya hapa?"

"Ile ilihesabiwa ya Pinga. Siku ingine nitaleta yenu."

"Na wale wa kwanza njo vile walisemaka," akanong'ona.

Humo ndani hamkuwa na sauti ya mtoto. Hata kuku... Blandine aliliona hilo, ila njaa ilimzidi. Maharagi yaliletwa na ugali wa muhogo. Yalinuka uchachu kidogo... kidogo tu. Akasubiri mwenyeji aonje kwanza, kama kila mtu anavyosubiri siku hizi za kuogopa sumu.

Emérence akachota. Akatafuna. Akameza.

Basi Blandine akala, tena akakomba sahani.

Giza halijakolea, tumbo likamkata. Akatapika mlangoni, akatapika uani, akaharisha mpaka miguu ikakataa kumbeba. Alijilaani mwenyewe, akamlaani Archange na tairi lake. "Mama Emérence! Maji!"

Ndani kitu kikalia. Klak. Sauti aliyoisikia kazini kila siku.

Kifuniko cha sanduku.

"Funga!" alipiga kelele. "Mama, funga, itaharibika!"

"Sisi tulingojea," sauti ikajibu, karibu kabisa na sikio lake. Pumzi yake haikuwa na joto.

Archange alimkuta barabarani, alikojikokota alfajiri, jua limeshapanda, amelikumbatia sanduku. Chupa zilikuwamo zote, hakuna hata moja iliyovunjika, zinaelea katika maji ya vuguvugu. Blandine alilia kwa hasira.

"Ulikula kwa nani?"

"Kwa Emérence, kwenye mikaratusi. Alionja mbele yangu, Archange! Alimeza!"

Archange hakugeuka kutazama upande ule. "Twende," akanong'ona. "Emérence tulimuzika mwaka jana, nyuma ya kuzika batoto yake wanne. Surua. Watu wa chanjo walisemaka watarudi."

Daktari kule Masisi alicheka. Maharagi yaliyolala, alisema. Mkimbizi fulani amejificha katika nyumba ya marehemu na kuchukua jina lake. Na sanduku, kwa kiu ile, Blandine alilifungua mwenyewe. "Tena kama alionja, huyo mama naye anaharisha sasa hivi."

Huenda. Lakini Blandine aliwaza jambo moja tu: mtu aliyekwisha kufa, sumu ingemfanya nini?

Wiki ile Pinga walizika watoto sita. Chanjo nyingine zikaletwa Masisi, na njia ya kwenda Pinga ni ile ile moja. Alipokuwa akijaza karatasi ya kuomba chanjo, Blandine aliongeza dozi nne.

Mkuu wake akauliza ni za kijiji gani. Blandine akaweka kidole kwenye ramani.

"Pale hakuna mutoto hata mumoja," mkuu akasema.

"Najua, Papa," Blandine akajibu. "Tia sahihi tu."