Picha ya Kihamba cha Mama Ndeshi

Kipunguzi kilimeza picha pana kama ukuta, kikaitema ikiwa saizi ya kiganja, na hakuna uso hata mmoja uliorefuka wala kubonyea. Mashine za zamani zilibana picha nzima, watu wakatoka wembamba kama vijiti. Kipunguzi kilitafuta mahali patupu, penye anga, ukuta au majani, kikachomoa vipande vyembamba kama mtu anavyochomoa nyuzi kwenye kitambaa, kisha kikaunga kilichobaki. Aikande, mhandisi aliyekiunda, alikifundisha sheria moja: penye uso usiguse, patupu ondoa. Mji wote wa Moshi ulimsifu, naye, tusidanganyane, alipenda kusifiwa.

Asubuhi hiyo akapigiwa simu kutoka mlimani, kwenye ujenzi wa reli mpya.

"Mhandisi, njoo upesi. Kuna mama amekaa mbele ya kichimbaji, hataki kutoka."

Vichimbaji vya reli havikuwa na dereva. Vilisoma picha zilizopunguzwa: kilichoonekana pichani kililindwa, kisichoonekana kilichimbwa. Mtu akikizuia, kichimbaji kilimsubiri saa nzima, kisha kikambeba kwa upole na kumweka kando.

Aikande alipofika, zilibaki dakika tisa. Kichimbaji kilikuwa kimeshafukua upande wa juu wa kihamba, shamba la ukoo la mama huyo.

"Shikamoo, mama."

"Leo sina marahaba," Mama Ndeshi akajibu, hajainuka. "Ni wewe uliyetengeneza hicho kidude cha picha?"

"Ni mimi."

Mama Ndeshi akachomoa picha ya karatasi kifuani. Kati ya nyumba na kahawa palikuwa na safu ya masale, mimea ya majani marefu, hatua kumi na mbili nzima. Aikande akafungua picha ya Kipunguzi. Nyumba na kahawa vilikuwa vimegusana, safi kabisa, kama vile havijawahi kuachana. Picha ya asili kampuni ya reli ilikuwa imeshaifuta.

Aliingiwa na hofu. Yeye ni mtoto wa mlimani, alijua kuwa masale si magugu. Hupandwa mipakani na makaburini. Lakini alipokuwa akiifundisha mashine, kwa haraka zake, aliyatia kwenye fungu la majani matupu.

"Nani wamelala hapa, mama?"

"Mume wangu. Mama mkwe wangu. Na kule juu..." Akageukia lundo la udongo uliofukuliwa.

"Dakika nne," kichimbaji kikatangaza.

"Waite majirani, mama! Wote!"

Wakaja mbio, mmoja na mundu, mwingine na mtoto mgongoni. Aikande akawapanga ndani ya masale bega kwa bega, kusiwe na kipande kisicho na uso. Akarudi nyuma, akapiga picha, akaituma. Kipunguzi kikaigeuza huku na huku, kikakosa pa kuchomoa. Mkono wa chuma ulikuwa umeshamshika Mama Ndeshi kiunoni, miguu yake inaning'inia, ndipo picha mpya ikafika. Kichimbaji kikasita, kikamshusha taratibu, kikazimika.

Vigelegele vikapigwa. Mama Ndeshi hakupiga. Alikuwa akitazama lile lundo la udongo kule juu.

"Pale alilala Anaeli wangu," akasema. "Alikuwa na miezi saba."

Aikande akaingia kwenye masale. Akakata jani la sale, akalipiga fundo, akapiga magoti na kumpa kwa mikono miwili. Kwa desturi ya mlimani, anayeombwa msamaha kwa sale hakatai, hata awe ameuliwa mtu wake.

Mama Ndeshi akalitazama lile fundo.

"Kumbe hili jani unalijua," akasema.

Akalipokea.

"Nimekusamehe. Haya, inuka, tumtafute kabla mvua haijanyesha."