Sindano Arudi Kutafuta Kazi

Wenzake wa kiwanda cha mashati walimwita Sindano kwa wepesi wa mikono yake. Kisha uchumi ukayumba, oda zikakauka, kiwanda kikafungwa. Sindano alizunguka mji mzima akitafuta kazi. Kila mlango, jibu ni lile lile: "Rudi siku nyingine." Mwishowe akakata tamaa. Akawa anafagia, anapika, anakaa.

Mchana mmoja, wakiwa mezani, redio ikatangaza kwamba ukosefu wa ajira umepungua.

"Umesikia, mke wangu?" akasema mumewe, fundi bomba. "Watu wanapata kazi. Labda wewe umezoea kukaa."

Maneno hayo yalimchoma Sindano. Wifi yake, karani wa ofisi ya takwimu aliyekuja kuwasalimu, akaweka kijiko chini.

"Kaka, usimwonee wifi yangu. Unajua nani huhesabiwa kuwa hana ajira?"

"Si kila asiye na kazi?"

"Hapana. Ni asiye na kazi, aliye tayari kufanya kazi, na anayeitafuta. Hao ukiwajumlisha na wenye kazi, unapata nguvukazi. Aliyeacha kutafuta yuko nje. Wifi, wewe huhesabiwi."

"Mimi? Na shida zote hizi?"

"Ndiyo. Foleni ya zahanati ikifupika, ina maana wote wametibiwa?"

Fundi bomba akajikuna kichwa. "Wengine wamechoka kusubiri. Wamerudi nyumbani na homa zao."

"Basi ndivyo ilivyo. Uchumi ukidorora, wengi huacha kutafuta. Kiwango cha ukosefu wa ajira hushuka, ingawa kazi hazijaongezeka. Wakianza tena kutafuta, kiwango huweza kupanda hata kama hali inatengemaa. Kwa hiyo uliza pia: wenye kazi wameongezeka? Nguvukazi imekua au imepungua?"

"Kumbe si uvivu wangu," Sindano akasema polepole.

"Nisamehe, mke wangu," mumewe akasema. "Niliropoka."

"Yameisha. Lakini kesho chai utajipikia. Mimi narudi kwenye foleni."

Wote wakacheka. Ila Sindano hakuwa anatania.

Asubuhi alimpitia jirani yake, mshonaji mwenzake wa zamani. Safari hii hawakuuliza nani anaajiri. Waliuliza nani ana nguo za kushonwa. Hotelini walikataliwa. Shuleni pia. Hospitalini, msimamizi wa chumba cha kufulia aliwaonyesha lundo la mashuka yaliyochanika.

"Mapya hatuwezi kununua mwaka huu," akasema. "Haya mnaweza kuyaokoa?"

Sindano alivuta shuka moja, akaketi kwenye cherehani iliyokuwa pembeni, akalishona. Msimamizi akapitisha kidole juu ya mshono, akatabasamu.

"Njooni kila asubuhi."

Mshahara haukufikia ule wa kiwandani, lakini ulikuwa wa uhakika. Baadaye msimamizi akataka mshonaji wa tatu. Sindano alikwenda moja kwa moja kwa mwenzao wa kiwandani aliyekuwa amejifungia ndani.

"Hakuna kazi, Sindano," yule akasema kutoka kitandani. "Mimi nilishaacha kutafuta."

Sindano akafungua dirisha. "Najua. Ndiyo maana nimekuja kukutafuta mimi. Amka, twende."