Mkonga wa Tembo wa Kitambaa

Tembo wa kitambaa alikuwa ameloa tumboni. Fundi aliyemshona alimgeuza, akamnusa, akakunja uso. Maziwa yaliyochacha.

"Wifi, nani kamlowesha huyu?"

Wifi yake, aliyekuwa sakafuni akijaza sufi kwenye tumbo la sungura, hakuinua hata kichwa. "Nani tena? Si mwanao na chupa yake."

Ilielekea kuwa kweli. Tembo yule alikuwa wa binti yake mdogo, ambaye hakubali kulala mpaka atiwe mkonga mdomoni. Fundi akamfua kwa sabuni, akamwanika dirishani, akarudi kwenye kazi yake. Akina mama wa mtaani waliwagombea sungura na wanasesere wake, maana macho yote aliyadarizi kwa uzi, asiweke kifungo ambacho mtoto angeweza kukimeza.

Jua lilimkausha tembo nje tu. Fundi alipombonyeza, kidole kilizama kwenye kitu laini chenye uvuguvugu, mithili ya jipu lililoiva, na kwenye mshono ukachomoza ute wa njano. Alisugua mkono hadi ngozi ikawasha. Harufu haikutoka, lakini usiku mtoto alimlilia tembo wake mpaka akapewa.

Kuanzia hapo mtoto alikonda. Alitapika kila alichokula, mashavu yakabonyea, shingo ikawa uzi. Tembo naye akanona, mishono ikamtanuka.

Mchana mmoja mtoto akiwa amelala, fundi aliingia chumbani kuchukua mkasi, akasikia sauti ya kunyonya, ile ya polepole, ya mate na pumzi, ya mtoto aliyekaribia kushiba lakini hataki kuachia titi, naye akatabasamu, akasogea amfunike, ndipo alipoona kwamba midomo ya mwanawe imetulia tuli, mikavu, imeachama, na kinachonyonya ni mkonga wenyewe, ukivimba na kunywea, ukivimba na kunywea, umezama kooni kupita urefu alioukata yeye kwa mkono wake, na tumbo la tembo likipanda kwa kila funda.

Aliushika akauvuta. Ulitoka taratibu kama mnyoo, ukiburuta utelezi, na kwenye ncha yake palikuwa na ufizi mwekundu.

"Wifi," alinong'ona mlangoni, mtoto kamkumbatia kifuani. "Sufi uliitoa wapi?"

"Nilichana godoro."

"Godoro la nani?"

Wifi akaanza kulia. "La yule bibi wa nyumba ya kona. Walilitupa alipokufa. Watu walisema ana jini linalonyonya, ndiyo maana hakulea mtoto akakua. Nikajua umbea tu, wifi yangu. Sufi ilikuwa nyeupe!"

Mganga waliyemwita alikuja na jiko la makaa, pua kaifunga kitambaa. Alimtazama tembo, akatema mate pembeni.

"Mshono huu ulikata uzi wake kwa kitu gani?"

"Kwa meno. Ndivyo ninavyokata siku zote."

"Basi utaufungua kwa meno. Mkasi hautaliweza hili."

Fundi alipiga magoti. Kitambaa kilikuwa cha moto, na chini ya midomo yake kilipumua. Alipong'ata uzi wa kwanza, uozo ukamrukia mdomoni, mzito, mchachu, wenye nywele, na kutoka tumboni sauti ya binti yake ikaita, "Mama, usiniumize." Akasita.

"Mwanao yuko kwa wifi yako!" mganga alifoka. "Ng'ata!"

Aling'ata, machozi na matapishi vikimchuruzika kidevuni, mpaka mshono wote ukaachia na donge la sufi likaporomoka, limeviringana na vimeno vya watoto. Mganga akalisukumia makaani. Lililia muda mrefu.

Kabla ya jua kuzama, binti yake aliomba chakula, akala, kikakaa tumboni. Fundi hakupumzika. Alibeba gunia, akapita mlango kwa mlango kukusanya kila alichouza.

Mlango wa mwisho ulifunguliwa na mama mmoja kijana, sungura wa kitambaa begani, akimpigapiga mgongo. Nyuma yake, kitandani, mwanawe alilala mbavu nje, macho yakitazama dari.

"Shoga, sema polepole," mama yule alinong'ona, akitabasamu. "Ndiyo kwanza kashiba."

Sungura akacheua.