Vidonge Vilivyokosekana Wodini

Maiti ya Wendell Aubin ilikuwa bado na joto la homa iliyomuua. Miguu iliyokuwa ikirukaruka tangu alfajiri ilikuwa imetulia, na mkewe, Colleen, alikuwa ameishikilia utadhani itaanza tena.

"Nimemuua mimi, afande," alimwambia Inspekta Petrasko. "Nilimpa dawa ya kikohozi. Sikujua inagombana na vidonge vyake vya sonona."

Daktari Sandhu akamvuta inspekta kando.

"Serotonini, kemikali ya ubongo, ilimfurika mwilini. Ipo dawa ya zamani, ya mzio, inayoipunguza makali. Unaisaga, unaipitisha kwenye mpira wa puani. Siapi kwamba ingemponya. Lakini nilipofungua kabati, chupa haipo. Na kwa theluji hii, helikopta haikuruka."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na Sista Marlys."

Petrasko alikuna kidevu. Nani aibe dawa ya chafya? Hailevyi, haiuziki. Kisha akamkumbuka paka wa mama yake, aliyegoma kula hadi daktari wa mifugo akampa vidonge hivyohivyo vimtie hamu.

Marlys alikuwa kwenye chumba cha chai. Sweta lake lilijaa manyoya meupe.

"Paka wako hajambo, Sista?"

"Makubwa! Mmekosa wezi, sasa mnahoji paka?"

"Anakula?"

Marlys akaweka kikombe mezani.

"Tangu mume wangu Roy afariki nimebaki na paka tu," alisema. "Akaacha kula. Daktari wa mifugo yuko mji wa pili, barabara imefungwa na theluji. Ile chupa hakuna aliyewahi kuigusa, Inspekta. Nikasema ni vidonge vya mafua tu, nitarudisha."

"Na daktari alipoitafuta?"

"Nilikuwa nimemshika Wendell miguu. Nyumbani kwangu ni hapo nyuma tu. Ningekimbia ningewahi. Nikaona aibu kusema. Nikajidanganya kwamba atapona bila vidonge hivyo."

Petrasko hakutoa pingu.

"Kuna mwanamke pale anaamini kamuua mumewe. Nimwambie mimi?"

Marlys aliinuka. Wakatoka wote, yeye mbele. Colleen alipomwona tu akamfungulia mikono.

"Sista, ulimshikilia mpaka mwisho. Mungu akulipe."

"Usiniguse, Colleen," alisema Marlys. "Dawa yake ilikuwa jikoni kwangu."