Mama Mkwe Aliiambia Tume Kuwa Mimi ni Mzima

"Huyu? Huyu ana nguvu kunishinda mimi. Leo kaamka kabla ya jogoo, kakanda unga, kaoka mkate. Kila kitu anafanya mwenyewe, daktari."

Aliyekuwa anaongea ni mama mkwe wangu.

Na "huyu" ni mimi.

Mimi ambaye asubuhi ileile nilinyanyuliwa kitandani na binti yangu kama gunia. Mimi ambaye kansa ilianzia kwenye titi, ikahamia kwenye mifupa, na sasa iko kwenye ini imejikalia kama mpangaji asiyelipa kodi...

Daktari akaandika.

Nikamtazama mama mkwe. Hakunitazama.

Jamani, nimechoka, nitaandika polepole. Nina kiraka cha dawa ya maumivu begani na kinanipa usingizi, kwa hiyo nikirudia neno mnisamehe. Lakini hili nalisema, maana najua huko mliko kuna mtu anaisubiri tume kama nilivyoisubiri mimi.

Naitwa Biserka. Naishi kijijini, nje kidogo ya mji wa Kruševac, na watu wawili tu: binti yangu Nevena na mama mkwe wangu Leposava. Mume wangu Ratko alishatangulia, mapafu, miaka mingi sasa. Mama mkwe akabaki na mimi. Hatukuwahi kugombana kwa maana ya kugombana. Yeye anasema chumvi imezidi, mimi nasema haijazidi, maisha yanaendelea.

Nevena alikuwa anasomea uuguzi kule mjini Niš, mwaka wa mwisho. Nilipoacha kutembea, akafunga begi akarudi nyumbani. Ndiye anayeniogesha, ndiye anayenigeuza kitandani. Chuo wakamwambia wazi: asipofanya mitihani ya Septemba, jina lake linafutwa.

Sasa, kuna posho ya serikali kwa mtu asiyeweza kujihudumia. Tukapanga hivi: ikitoka, tutamlipa jirani yetu, dada Stojanka, aliyepunguzwa kazi kiwandani, aje anitazame mchana. Nevena arudi chuo.

Ni hilo tu nililolitaka. Kupona sikuomba, hiyo mada tulishaifunga mimi na daktari wangu wa kansa. Niliomba mtoto amalize shule kabla sijaondoka.

Tukaomba. Tukasubiri mpaka tukakaribia kusahau tunasubiri nini.

Mwishowe tukaambiwa tume, wale wanaopima nani hajiwezi, inamtuma daktari nyumbani, kwa sababu ngazi za ofisi yao mimi siziwezi.

"Nyumbani?" mama mkwe akauliza.

"Nyumbani, bibi," Nevena akamjibu.

"Yaani wageni."

"Si wageni, bibi. Ni tume."

"Anayeingia kwa mlango wangu ni mgeni."

Nilipaswa kushtuka palepale. Sikushtuka.

Siku yenyewe Nevena akaenda mjini kunichukulia dawa, maana tuliambiwa watakuja jioni. Basi wakaja asubuhi. Ofisi ni ofisi, we acha tu.

Mama mkwe alikuwa ameshafuta madirisha yote. Kiti changu cha choo akakiburuta mpaka stoo, nyuma ya pipa la kabichi. Magongo akayasukuma chini ya kitanda. Dawa zote, droo. Akanifunga kile kitambaa cha maua ninachovaa Pasaka, akanipaka rangi ya mdomo, halafu akachovya kidole akanipaka na mashavuni.

"Mama, wanakuja kuona ugonjwa."

"Watauona. Uchafu ndio hawatauona."

Nikacheka. Ningefanyaje?

Gari likasimama nje. Akaingia daktari mwanaume, mtu mzima mwenye mvi, na nesi mmoja nyuma yake.

Sasa kwetu, mgeni akiingia, hata hajaulizwa habari za safari, analetewa sinia. Jamu ya matunda mazima, vijiko, glasi za maji. Anachota kijiko kimoja, anashushia maji, ndipo maneno yaanze. Na anayelibeba sinia ni mwanamke mwenye nyumba. Si mama mkwe, si mtoto. Tangu niolewe, sinia la nyumba hii nabeba mimi.

Mama mkwe akaliweka mezani, karibu na kiti changu.

Na mimi, mjinga mimi... nikasimama.

Msiniulize nguvu zilitoka wapi. Nilishika ukingo wa meza, nikanyanyua sinia, nikamfikia daktari. Ilikuwa jamu ya cheri nyeupe niliyoipika kabla sijaugua. Glasi zilikuwa zinagongana zenyewe kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Nikarudi kukaa, macho yanaona giza, na bado natabasamu.

"Mikono yako ibarikiwe," daktari akasema. Akafuta mdomo, akaandika.

"Unaoga mwenyewe?"

Hapo ndipo mama mkwe akatoa yale maneno mliyoyasoma mwanzo. Ana nguvu, kaoka mkate, kila kitu mwenyewe.

"Na chooni?"

"Anakwenda mwenyewe," mama mkwe akasema.

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu, niliufungua. Lakini kumwambia mwanaume mgeni, aliyetoka kulamba kijiko changu sasa hivi, kwamba binti yangu ananibadilisha kama mtoto mchanga... Maneno yaligoma. Nikaufunga.

Jibu halikuchelewa, la kukataliwa huwa halichelewi. Walisema najimudu.

Nevena alilia, halafu akaacha kulia, akaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage.

"Bibi, umemuuza mama."

Mama mkwe akaendelea kuchambua.

"Bibi, naongea na wewe."

"Nasikia."

"Umewaambia kaoka mkate. Ule mkate nilioka mimi!"

"Ulikuwa mzuri."

Nevena akabamiza mlango hadi picha ya marehemu baba yake ikakaa upande.

Siku iliyofuata akaja Stojanka, na maneno yake mfukoni kama kawaida.

"Biserka, wewe kweli huoni? Ukishaondoka, na Nevena yuko Niš, nani atampikia supu yule bibi? Anataka mjukuu abaki. Ndiyo siri yenyewe."

"Acha hizo."

"Naacha. Lakini fikiria."

Nikafikiria. Kitandani mtu ana kazi gani nyingine? Na nilivyofikiria, ndivyo nilivyoamini. Tukakata rufaa, na mimi nikaacha kuongea na mama mkwe. Akileta supu, nanywa. Akisema chumvi imezidi, nanyamaza.

Mchana mmoja Nevena alitoka kwenda dukani. Nikataka kukifikia kile kiti cha choo mwenyewe, kiburi tu. Nikaanguka kati ya kitanda na jiko.

Mama mkwe akaja mbio. Akanishika kwapani, akavuta. Akavuta tena. Yule ni mzee, mgongo hana. Mwishowe akakaa sakafuni pamoja na mimi, akakilaza kichwa changu mapajani kwake, akanifunika na aproni yake. Nilikuwa nimeshalowa.

Tukakaa hivyo tukimsubiri Nevena.

"Ulifanya vile ili Nevena abaki na wewe," nikamwambia. "Sema tu, sina nguvu ya kukasirika."

"Sikufanya kwa ajili ya Nevena."

"Basi kwa ajili ya nini?"

"Kuna maneno, yakishatoka mdomoni hayarudi."

"Mama, mimi nakufa. Wakiandika nakufa, wasipoandika nakufa."

Akageuka pembeni akatema mate, tu, tu, tu, kama wazee wetu wanavyofukuza mkosi.

"Nyamaza."

"Na nikifa Nevena hana chuo, utakuwa umezika wawili."

Alikuwa ananipapasa nywele, zile chache zilizorudi.

Tume ya rufaa ikaja. Safari hii nilishatoa amri: kisiguswe kitu. Kiti cha choo katikati ya chumba. Magongo ukutani. Dawa mezani, zote, na harufu yake. Rangi ya mdomo hakuna. Nevena akasimama karibu na dirisha.

Gari likasimama nje.

Na jamani, mtanicheka... mkono wangu ukaenda mezani kutafuta sinia. Mwili una mazoea yake. Nikaanza kujinyanyua.

Mkono ukanikandamiza begani.

"Kaa," mama mkwe akasema.

"Mama, wageni hao..."

"Kaa, mwanangu."

Wakaingia, daktari mwanamke na wenzake wawili, wakakaa. Na hakikuja kitu. Si jamu, wala maji. Huyu ni mwanamke aliyempa jamu hata fundi aliyekuja kutukatia umeme. Nikaona ameingiza mikono yote miwili kwenye mfuko wa aproni.

"Biserka," daktari akaniuliza, "unaweza kusimama?"

Kabla sijajibu...

"Hawezi."

Nevena akageuka dirishani. Sauti ilikuwa ya bibi yake.

"Hawezi kusimama," mama mkwe akaendelea. "Kuoga hawezi. Chooni hafiki, mjukuu wangu ndiye anambeba, na akichelewa, inamtoka. Shuka nafua mimi. Mkate hajaoka tangu mwaka jana. Nilidanganya."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Kwa nini ulidanganya, mama?"



"Kwa sababu nilishawahi kusema kweli. Walikuja hivihivi kwa ajili ya mwanangu Ratko. Huyu mke wake alikuwa kazini, nilikuwa peke yangu. Wakaniuliza, nikasema hawezi. Na yeye alikuwa amelala hapo, anasikia. Walipoondoka akaniambia, 'Mama, hata wewe?' Akageukia ukutani. Hakugeuka tena. Tulimzika majibu hayajafika."

Nilikuwa mke wake. Nililala pembeni ya mgongo ule mpaka mwisho, na sikuwahi kujua kwa nini ananipa mgongo.

"Nilimsema mwanangu, akafa," mama mkwe akasema. "Nimebaki na huyu. Nikaapa huyu simsemi."

Nesi aliyekuja nao akainama akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nikanyoosha mkono. Nikautoa wa kwake kwenye mfuko wa aproni, ulikuwa baridi.

"Mama."

Hakuinua uso.

"Mama, nitazame. Umeshasema. Na mimi sijageukia ukutani, nipo, nakutazama wewe."

Akainua uso. Miaka yote niliyoishi na yule mwanamke sikuwahi kumuona akilia, hata makaburini. Siku ile alilia mbele ya wageni, na nyumba haijafagiliwa.

Daktari aliandika muda mrefu. Kisha akafunga faili, akasimama.

"Mmemaliza kuandika?" mama mkwe akauliza, anajifuta pua.

"Tumemaliza, mama."

"Hamtaongeza wala kupunguza?"

"Hapana."

"Basi kaeni chini."

Akaenda nyuma ya kabati, akatoa sinia. Lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Jamu, vijiko, glasi, kila kitu. Lilikuwepo pale tangu asubuhi, na alikuwa amelivumilia muda wote ule.

"Mama, haturuhusiwi kupokea kitu," daktari akasema.

"Kwani nimekupa shamba? Kijiko kimoja tu."

Daktari akakaa.

Lakini mama mkwe hakuanza na yeye. Kwetu sinia huanza kwa mgeni, hiyo hata mtoto anaijua. Alimpita Nevena, akawapita wote watatu, akaja mpaka kwangu. Akachota kijiko, akanilisha mwenyewe.

Nikaelewa: mgeni wa nyumba ile sasa ni mimi. Hata Nevena alielewa, akatoka nje. Cheri ilikuwa tamu, nikameza, nikaomba maji.

Posho ilitoka. Nevena yuko Niš, na mitihani ndiyo anaifanya wiki hii, muombeeni. Stojanka anakuja kila siku, ananiosha vizuri tu, na umbea anauleta. Namlipa kwa vyote viwili.

Mimi bado nipo, leo nipo.

Sasa nyie mnaosubiri tume, nisikilizeni mimi niliyechoka. Wakiuliza, usijibu kama mwenye nyumba, jibu kama mgonjwa. Waeleze siku yako mbaya kabisa, si ile uliyojikaza ukavaa kitambaa cha Pasaka. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na sisi kidogo tu kitufichue.

Na wewe unayeuguza, kumsema mgonjwa wako hakumuui. Ila ukishamsema, usiondoke haraka. Kaa hapo akuone usoni.

Mama mkwe yuko hapa pembeni ananiuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia naandika habari za jamu.

Anasema niwaambie sukari isizidi.