Bwana Nakala na Sauti ya Mama Mkwe

Kwanza ilikuja sauti. Sauti ya mwanamke mzee, nyembamba kidogo, ikiimba wimbo wa kumbembeleza mtoto, ikikohoa katikati, ikicheka, kisha ikiendelea palepale ilipoachia. Ungeingia sebuleni asubuhi ile ya Jumamosi ungemtafuta mwimbaji usimwone. Mwenye sauti alikuwepo, ameketi kwenye kiti chenye mito, lakini midomo ameifumba. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno. Iliyokuwa ikiimba ni kompyuta ya mezani, na bibi yule alikuwa akijisikiliza, kidole chake kikifuata mapigo juu ya goti.

Binti yake ndiye aliyemrekodi kabla ya maradhi: nyimbo zake, kisa cha namna alivyoposwa, na dua aliyomwombea kila mjukuu kwa jina lake. Hazina ya nyumba nzima ilikaa ndani ya mashine moja.

Sasa, ndugu zangu, mjueni mwenye nyumba. Mume wa binti huyo ni msimamizi wa kompyuta katika ofisi kubwa. Kazini wanamwita Bwana Nakala, na jina hilo hakupewa bure. Kila jioni hunakili kazi zote za ofisi kwenye diski ya pili, kisha nakala nyingine huipeleka jengo jingine kabisa, moto ukiwaka huku, kule kubaki salama. Aliwahi kumfokea mkuu wa idara mbele ya watu kwa kuweka ripoti mahali pamoja. Hodari kweli! Lakini wahenga walisema mganga hajigangi, nami naongeza langu: asipojiganga, wanaougua ni wa nyumbani mwake.

Mkewe alimwomba hata ulimi ukaota sugu.

"Baba watoto, zile sauti za mama umeziweka kwingine?"

"Kesho."

"Kesho ipi? Ile ya jana?"

"Wewe mwanamke, unanifundisha kazi yangu? Hujui naitwa nani?"

"Huko ndiko unakoitwa hivyo. Hapa jina lako Kesho."

Siku moja, ili apate kula kwa amani, mume akaunda folda, akaiandika NAKALA, akamimina humo sauti zote. "Haya, tazama mwenyewe. Zipo mara mbili." Mke akashukuru. Hakujua kwamba folda ile ilikuwa ndani ya diski ileile. Msomaji wangu, hiyo ni sawa na kuchonga ufunguo wa akiba kisha ukaufungia ndani ya nyumba. Mume alilijua hilo vizuri sana. Alijiambia ni kwa muda tu.

Basi Jumamosi ile wimbo ulipokaribia kibwagizo, ukakwama. Ndani ya mashine kukasikika kitu kikigonga: ka… ka… ka… Kioo kikaganda. Bibi akaacha kupiga mapigo, akageuza shingo kumtazama mkwewe.

"Kitu kidogo hiki, mama," alisema mkwe. Akazima, akawasha. Ka… ka… Akazima, akawasha tena. Akaanza kutafuta programu ya kurekebisha diski, jasho likimchuruzika puani.

Mkewe akatoka jikoni, mikono imejaa povu la sabuni. "Si wewe uliyekaa hapa ukiwacheka watu wa ofisini? Ukasema diski ikigonga, zima, usiguse, kila ukiiwasha inazidi kujikwaruza?"

"Hao hawajui. Mimi najua ninachofanya."

"Na diski inajua kwamba wewe unajua?"

Hakungoja jibu. Alijifuta mikono kwenye kanga, akainama, akachomoa waya ukutani. Kugonga kukakoma. "Haya. Tuchukue ile nakala tuifungue kwenye kompyuta nyingine."

Mume akatazama sakafu.

"Nakala iko wapi, baba watoto?"

"Iko humo humo."

Mke angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alikwenda kuketi sakafuni karibu na kiti cha mama yake, akaweka kichwa chake kwenye magoti yale.

Jumatatu diski ilipelekwa kwa fundi wa kuokoa data, mwanamke mcheshi mwenye miwani minene. Alimsikiliza mteja wake mpaka mwisho.

"Ilipoanza kugonga, uliiwasha tena?"

"Mara kadhaa."

"Aa, shemeji. Kadhaa hizo ndizo zilizoila diski."

Wiki ikapita nyumba ikiwa kama ina msiba. Kisha fundi akapiga simu, mume na mke wakaenda wote wawili. "Dua zimetoka zote," alisema. "Nyimbo nyingi zimetoka, chache zina mashimo. Ile ya posa haikutoka hata neno moja."

"Jaribu tena, dada yangu," alisema mume. "Nakuomba."

"Nimejaribu mpaka imenifia mkononi."

Kisa kamili cha posa ya bibi, kwa maneno yake mwenyewe, sasa kinakaa kichwani mwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hawezi kusema.

FUNZO

Msiilaumu diski. Diski hufa kama balbu inavyokufa, na haimwambii mtu siku yake. Anayestahili lawama ni mtu mwenye dawa mfukoni anayewaacha wa kwake wakiugua. Ujuzi unaoishia kwenye lango la ofisi ni mapambo. Tena shikeni haya: nakala iliyo ndani ya mashine ileile si nakala. Mashine ikianza kugonga, izime uipeleke kwa fundi, kiburi kiache nyumbani. Na nakala usiyowahi kuifungua ukaijaribu, usiiamini.

*Usiseme nitaweka, sema kwamba nimeweka;*
*Kesho nyingi zikifika, kitu kimeshaondoka.*

Bwana Nakala mwenyewe ameelewa. Jioni waliyotoka kwa fundi, kabla hajavua viatu, aliziweka sauti zilizopona kwenye diski mbili, moja akampa mkewe aipeleke kwa dada yake. Kisha akachuchumaa mbele ya kile kiti, akasema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia:

"Mama, nimekupotezea kisa chako, na sina cha kukurudishia. Lakini nakuahidi mbele ya binti yako: kila Ijumaa nikitoka kazini, kabla sijagusa chakula, nitazifungua hizi hapa mbele yako, moja baada ya moja, na sitaondoka mpaka wewe mwenyewe uniitikie kwa kichwa kwamba zinaimba."